Baada ya Kufeli Mara Nne

Jumatatu, 9 Juni

Wanafunzi kumi na mmoja. Msimu wa mtihani wa maofisa wa benki umefunguliwa, mji mzima wa Indore umejaa vijana wenye mabegi mgongoni, na darasani kwangu wameketi kumi na mmoja. Wawili kati yao walikosea mlango.

Ng'ambo ya barabara, kwa Lokendra Chourey, foleni imeshuka ngazi hadi kwa muuza juisi ya miwa. Mimi na yeye tunafundisha kitu kimoja: Kiingereza cha mtihani. Inaletwa sentensi yenye kosa, mwanafunzi alione, alisahihishe, aende mbele, na muda haumsubiri. Chourey anaongea Kiingereza cha shambani. Shati lake halichomekei. Sijui wanampendea nini.

Nimewaza mchana kutwa na jibu limekuja. Bango. Chourey ana kibao cha mbao tu, tena cha Kihindi. Mimi nitatundika bango la ukubwa wa ghorofa, la Kiingereza, lenye picha yangu nimekunja mikono kifuani. Maneno nimeyatunga mwenyewe. Nimeyasoma kwa sauti mbele ya kioo. Yamenisisimua.

Jioni nimempelekea Shabbir wa mabango. Akauliza kama kuna mtu mwingine ameyapitia, maana likishachapwa limechapwa. Nikamwambia mimi ndiye ninayewapitia wengine. Akanyamaza. Nilipenda alivyonyamaza.

Jumanne, 10 Juni

Bango limepanda asubuhi. Limeziba madirisha mawili, darasani tunasoma kwa taa. Hainisumbui. Nirupama, mke wangu, alikuja kulitazama akiwa na kikapu cha sokoni. Akalisoma, akahamisha kikapu mkono wa pili, kisha akasema picha imenitoa vizuri.

Somo la leo, kwa bahati nzuri, ni lile nilipendalo kuliko yote: maneno ya kueleza yaliyokaa mahali pasipo pao. Wengi hufeli hapo. Niliandika ubaoni: "Baada ya kukaangwa kwa mafuta, wageni walikula sambusa." Nikauliza nani amekaangwa. Nikawaambia maneno ya mwanzo humrukia yeyote anayekaa baada ya mkato, awe ametaka au hakutaka. Waliokaa baada ya mkato ni wageni. Basi waliokaangwa ni wageni. Darasa likacheka. Kwa robo saa nzima nilikuwa mwalimu bora kabisa Indore.

Baada ya kipindi Ambika Malviya akabaki. Huyu ni msichana wa Khargone, baba yake analima pilipili. Ndiye mwanafunzi wangu bora. Ameshafeli mara mbili, kwa alama chache chache, na alinichagua mimi akamwacha Chourey kwa sababu, alivyosema siku ya kwanza, mimi nilifaulu. Alisimama akisokota ncha ya mtandio. Akaniomba radhi kwanza. Ndipo akauliza kama kanuni ile inahusu mabango pia.

Nikamwuliza mabango gani.

"La hapo nje, mwalimu."

Nikashuka, nikavuka barabara, nikageuka nikasoma. Kwa Kiingereza, herufi nyekundu za kimo cha mtoto: BAADA YA KUFELI MARA NNE, MWALIMU PAGNIS ATAKUFIKISHA BENKI.

Nilikusudia wao. Wao ndio waliofeli. Lakini anayekaa baada ya mkato ni Mwalimu Pagnis, na juu yake ni mimi, nimekunja mikono.

Kukosea sarufi ni aibu, lakini ningeimeza. Kilichonifanya nisimalize chakula ni kingine. Mtaa mzima unajua kwamba mtihani wa benki niliufaulu mara ya kwanza, na kwamba meneja aliunganisha viganja akinibembeleza nichukue kazi, nami nikakataa kwa mapenzi ya kufundisha. Wanajua kwa sababu nimewasimulia. Nimesimulia kwa miaka kumi na miwili, hadi meneja ameota masharubu.

Mtihani ule niliufanya mara nne. Niliufeli mara nne. Kwa nini sikuandika mbili, au tatu? Sikuichagua namba ile. Ilijiandika.

Jumatano, 11 Juni

Bango linatembea kwenye simu za watu. Mtu amechora duara jekundu kuzunguka uso wangu. Muuza miwa, ambaye Kiingereza hajui hata kidogo, ameniuliza ilikuwaje nikafeli mara zote hizo.

Alfajiri niliamka na mpango. Niliingia darasani nikitabasamu na kutangaza kwamba bango lile ni mtego. Nimelikosea makusudi, ili nione nani Indore hii ana jicho la mtihani. Atakayelitambua kosa na kulisahihisha atapata kipindi kimoja cha bure. Waeneze habari.

Walieneza. Kufikia saa sita walikuwa wamefika watu thelathini na kitu, foleni ikashuka ngazi zangu, na nikamwona Chourey dirishani kwake akichungulia. Sijaona raha kama hiyo mwaka huu. Kila mmoja alisahihisha vizuri: wewe uliyefeli mara nne, Mwalimu Pagnis atakufikisha benki. Nikawapongeza mmoja mmoja.

Kisha akaja mzee mmoja, karani mstaafu wa posta. Akasema amepata makosa mawili. Nikamwambia ni moja tu. Akasema samahani, pale kwa Kiingereza nimejiita "profesa", na neno hilo lina F moja, langu lina mbili. Je, la pili nalo ni mtego?

Nikasema ndiyo.

Akauliza kama basi atapata vipindi viwili.

Nilipokuwa nikimwandikia jina, kijana mmoja wa nyuma aliuliza, bila ubaya wowote, kama mimi mwenyewe niliwahi kufeli. Nilicheka. Nilicheka muda mrefu kuliko swali lenyewe. Nilipoacha, Ambika alikuwa akinitazama, akainamisha macho haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kukuta kuna mtu.

Alhamisi, 12 Juni

Bango lazima lishuke. Shabbir anasema vijana wake wako kwenye harusi Ujjain mpaka Jumatatu. Basi nitalifunika mwenyewe. Si lote, maana nusu yake ni nzuri. Nitaficha maneno ya mwanzo tu, libaki Mwalimu Pagnis atakufikisha benki. Hata ile F ya ziada mtu hataiona akiwa anapita na pikipiki.

Nimechukua shuka la Nirupama lenye maua ya zambarau, nikaazima ngazi, nikafunga pembe mbili kwa kamba. Ya tatu sikuifikia. Nikashuka, nikatazama, nikaridhika. Nikaingia kufundisha.

Mvua za msimu bado, lakini upepo wake umeshatangulia. Tukiwa katikati ya zoezi nilisikia kelele barabarani, zikifuatwa na vicheko, vicheko vikapanda hadi ghorofani kwa Chourey. Nikatoka. Shuka lilikuwa limeteleza kwenda kulia. Maneno ya mwanzo yako wazi. Maneno ya mwisho yamefunikwa na maua ya zambarau. Limebaki hivi: BAADA YA KUFELI MARA NNE, MWALIMU PAGNIS.

Basi. Hakuna kingine. Kama jiwe la kaburi.

Nirupama amelidai shuka lake. Nimesema limechanika kwenye msumari. Akauliza msumari gani. Nikasema wa ghorofani.

Ijumaa, 13 Juni

Sitaki kuandika ya leo. Naandika kwa sababu nikifumba macho naiona ile sahani.

Asubuhi nilikwenda kula poha, mchele bapa wa kukaanga, pale pa kila siku. Wanafunzi wangu na wa Chourey hula pale pamoja, wamesimama, sahani mkononi. Nilikuta wakibishana juu ya mtego wangu, nikaona hapa ndipo pa kulimaliza jambo. Nikaanza kuwaeleza kwa sauti jinsi nilivyolipanga kosa lile neno kwa neno.

Chourey alikuwa nyuma yangu akila jalebi, zile tamu za shira. Simpendi, lakini niwe mkweli, hakusema kwa chuki. Alisema akicheka, kama mtu anayetaja jambo ambalo wote wanalijua.

"Jamani, mwacheni mwenzangu. Lile bango halina kosa."

Wakamwuliza halina vipi, na maneno ya mwanzo yamemrukia mwalimu.

"Yamemrukia na yamempata. Mimi na Pagnis tulifanya mtihani ukumbi mmoja kule Bhopal. Yeye mara nne, mimi tano. Sarufi iko sawasawa kabisa."

Nikasema ananifananisha na mtu.

"Na nani, bwana? Ulilia kwenye treni kutoka Bhopal mpaka Dewas. Mimi ndiye niliyekushikia maji." Akaacha kucheka. Nadhani aliuona uso wangu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye huwaambia wanafunzi wake siku ya kwanza kabisa, na alipoliona bango langu alidhani na mimi nimeamua kusema. Alitaka kuja kunipa mkono.

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Walitazama sahani zao. Yule kijana wa nyuma alinisogezea limau, sijui kwa nini, kama ndiyo dawa. Ambika alikuwepo. Aliniuliza taratibu, huku akipanga maneno:

"Kwa hiyo mwalimu, yule meneja... nani alimbembeleza nani?"

Nikasema nimechelewa. Nikaondoka na sahani ya watu mkononi. Iko hapa mezani sasa hivi, na poha imekauka.

Jumamosi, 14 Juni

Wamekuja sita. Mzee wa posta alikuja kudai vipindi vyake viwili, akaketi mbele.

Katikati ya somo mlango ukafunguliwa, akaingia mtu mrefu, mkavu wa jua, kilemba cheupe, gunia begani. Gendalal Malviya, baba yake Ambika. Amekuja na basi la alfajiri kutoka Khargone. Gunia lilikuwa la pilipili kavu, za shamba lake, na darasa zima likaanza kupiga chafya.

Hajasikia lolote. Hana simu ya picha. Alisema mbele ya wote kwamba binti yake amemsimulia habari zangu, naye amewasimulia kijiji kizima: kwamba yuko mtu Indore aliyeikataa benki, meneja akimlilia, ili awafundishe watoto wa wakulima. Alisema mwenyewe hakusoma. Alisema alitaka kumwona mtu huyo kwa macho yake kabla ya mvua, kwa sababu mvua zikianza haachi shamba.

Kisha akaweka gunia chini, akainama na kuigusa miguu yangu kwa heshima.

Ana nywele nyeupe. Ni wa umri wa baba yangu. Nilikuwa na muda wa kumzuia, maana aliinama polepole kwa sababu ya kiuno. Nilikuwa na muda wa kusema neno moja. Niliweka mkono juu ya kilemba chake nikambariki.

Ambika alisimama pale kwenye dawati lake. Alijua, na alijua kwamba najua anajua. Neno moja tu lingetosha. Hakulisema. Alimshika baba yake mkono akamwambia, "Baba twende, basi la kurudi lisikuache," akamtoa nje kwa upole, na alipofika mlangoni hakunitazama.

Mzee wa posta alipiga chafya, akasema pilipili nzuri hizo.

Jumapili, 15 Juni

Sikutoka. Nirupama alilikuta gunia jikoni akauliza la nani. Nilianza kumwambia ni zawadi ya wazazi wanaothamini kazi yangu. Nilifika katikati. Nikaacha.

Nikamwambia yote. Bhopal, mara nne, treni. Kwamba hakuna meneja. Nilimwambia nikiangalia pilipili.

Aliendelea kuzipepeta. Akasema, "Najua, bwana."

Nikauliza tangu lini.

"Tangu kabla ya harusi. Mjomba wako alimwambia baba. Baba akaniita akaniuliza kama nimekubali mtu aliyefeli mara nne. Nikasema nimekubali."

Miaka kumi na miwili. Kwenye kila harusi, kila karamu, nikimsimulia meneja mbele ya dada zake, nikiongeza masharubu, nikiongeza machozi, naye ameketi kando yangu na sahani yake, anajua. Nilimwuliza kwa nini hakuninyamazisha. Akasema mwanzoni alingoja niache mwenyewe. Baadaye akazoea. Siku hizi, akasema, akiisikia inaanza huenda kusaidia jikoni.

Kweli. Huenda jikoni. Nilidhani ni ukarimu.

Nimekaa barazani mpaka chai ikapoa. Nimewahi kuaibika mbele ya watu wengi, lakini aibu ya leo sina hata jina lake. Baadaye alikuja akakaa. Akasema sihitaji mpango wowote. Niende kesho darasani, niwaambie kama Chourey anavyowaambia wake, basi, nifundishe. Nimemwahidi. Nimeshika mkono wake na kumwahidi, na nilipoahidi nilimaanisha kila neno.

Jumatatu, 16 Juni

Mvua ya kwanza imenyesha. Vijana wa Shabbir wamelishusha bango. Baada ya kuchomwa vizuri na kupakwa limau na chumvi, mimi na Nirupama tumekula mahindi barazani, kwa furaha ambayo hatujaiona siku nyingi. Amefurahi kwa sababu nimemwambia kwamba darasani nimesema ukweli.

Nimesema. Naapa nimesema. Walikuwepo tisa, na Ambika alikuwa amesimama mlangoni na begi lake, amekuja kuaga, anahamia kwa Chourey. Nilifuta ubao. Nikawaambia hakuna meneja, hapakuwa na kazi niliyoikataa, mtihani niliufanya nikafeli, nikarudia nikafeli tena. Nikasema kila mtego ninaowafundisha ulininasa mguu mimi mwenyewe kwanza. Nikamwomba Ambika radhi kwa ajili ya baba yake, kwa jina lake, mbele ya wote.

Halafu yule kijana wa nyuma akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata. Ambika alisimama muda mrefu. Kisha akavua begi, akaketi. Akasema yeye mwenyewe atamweleza baba yake, taratibu, baada ya kupanda, na kwamba baba si mtu wa kinyongo. Sijawahi kupendwa hivyo na darasa. Hata siku ya sambusa. Moyo ulinijaa. Nilihisi naweza kuwaambia lolote.

Na hapo mzee wa posta akauliza nilifeli mara ngapi hasa.

Nikamkumbuka Chourey. Mara tano, na foleni inashuka ngazi.

"Nane," nikasema.

Darasa likavuta pumzi kwa heshima. Ambika alinitazama. Alikuwepo pale kwenye poha, aliisikia nne. Nikaongeza haraka kwamba Chourey anazijua zile za Bhopal tu. Nne nyingine zilikuwa Nagpur.

Sijawahi kufanya mtihani Nagpur. Nagpur nilikwenda mara moja, kwenye mazishi.

Nimekaa sasa napiga hesabu, kwa sababu Chourey lazima ataipiga. Nilifungua darasa hili nikiwa na miaka ishirini na tisa; leo nina arobaini na mmoja. Mtihani ni mmoja kwa mwaka, na bila shahada hawakupokei; yangu niliipata nikiwa na ishirini na mitatu. Mara nane haziingii, hata nizibane vipi. Zinapungua miaka miwili hivi. Nimegeuza huku, nimegeuza kule, na njia naiona ni moja tu, tena ni rahisi kuliko nilivyodhani.

Kuanzia kesho nina miaka arobaini na mitatu. Nirupama nitamwambia akiwa ametulia.